Kodi ya nyumba: toka rupia tatu hadi LUKU

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji uliyenunua gazeti hili asubuhi, kila mwaka tangu Januari hadi Juni nchi yetu huwa katika msimu wa bajeti. Vijiji hukaa, kata hukaa, mabaraza ya madiwani hukaa, na mwisho Bunge hukaa Dodoma. Katika msimu huo neno linalosikika zaidi ni kodi, na miongoni mwa kodi zote iliyo karibu kabisa na mwili wa mtu, baada ya ile ya kichwa, ni kodi ya nyumba.

Wiki hii nataka tuitazame kodi hiyo kwa macho ya mtu wa Masakta. Wengi wenu mjini huenda hamjapata kulisikia jina hilo. Masakta ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, katika nchi iliyokuwa Wilaya ya Mbulu kabla Hanang haijakatwa mwaka 1969. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, yenye mahindi, maharage, ngano na ng'ombe, na Mlima Hanang ukiitazama. Hakuna maghorofa ya kupangisha kule. Najua mtu wa Kariakoo au wa Sinza atauliza, kodi ya majengo inahusiana nini na Masakta? Jibu langu ni kwamba historia ya kodi hii haikuanzia kwenye maghorofa. Ilianzia kwenye vibanda vya shamba, na anayetaka kuelewa makato anayoyaona leo kwenye umeme wake hana budi kuanzia huko.

Tarehe 1 Novemba 1897 Serikali ya Wajerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba na vibanda katika koloni lake la Afrika Mashariki. Ukusanyaji ulianza Aprili 1898. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na nyumba za mjini zilitozwa zaidi. Rupia tatu kwa masikio ya leo ni kichekesho, lakini kwa mtu asiyekuwa na mshahara, na ambaye soko lake ni la kubadilishana mbuzi kwa nafaka, rupia ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa jasho. Mwanzoni wengi walilipa kwa nafaka, kwa mifugo au kwa kazi ya mikono. Baadaye ikadaiwa sarafu, na sarafu ilipatikana kwa kuuza mnyama, kulima zao la biashara, au kwenda kumfanyia kazi mzungu mwenye shamba.

Hapa tusidanganyane. Kodi ile haikuwekwa ili kijiji kipate kisima. Iliwekwa kwa sababu mbili. Kwanza ilitakiwa kulipia gharama za utawala uliowashinda wenyeji vitani. Pili ilitakiwa kumtoa mtu nyumbani kwake aende akatafute kibarua. Mwaka 1905 ikaongezwa kodi kwa wanaume wasiokuwa na kibanda chao wenyewe, ili kijana asijifiche chini ya paa la baba yake. Mwaka huo huo Vita vya Majimaji vilizuka kusini, na kodi pamoja na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba ni baadhi ya mambo yaliyoviwasha.

Sasa twende nyanda za juu za Mbulu. Wairaqw, ambao wengi mjini mnawaita Wambulu, hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote. Walikuwa na wazee wa maeneo yao na wataalamu wa mila walioshauri juu ya mvua, mipaka na ibada. Kodi haiwezi kukusanywa kwa utaratibu wa namna hiyo. Mkusanya kodi anataka mtu mmoja wa kumwambia, "Eneo lako lina vibanda mia tatu, leta rupia mia tisa." Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilitengeneza machifu na majumbe mahali ambapo hawakuwapo. Wasomi wa historia ya Wairaqw wamelieleza jambo hili kwa kirefu. Kodi, kwa maneno mengine, ilikuja na muundo wake wa serikali ya mitaa, na kazi ya kwanza ya serikali hiyo ilikuwa kuhesabu mapaa.

Na mapaa ya Mbulu hayakuwa rahisi kuhesabika. Nyumba ya zamani ya Mwiraqw ilikuwa tembe lililochimbwa nusu ndani ya mteremko wa kilima, lenye paa bapa la udongo, watu na mifugo wakilala humo humo. Lilijengwa hivyo kwa hofu ya wavamizi wa ng'ombe, ili adui apite bila kuliona. Sheria iliyoandikwa Pwani ilimfikiria mtu mwenye banda lake moja linaloonekana barabarani. Mtihani huo wa kujua nyumba ni nini hasa, na ni nani wa kuitolea kodi, haujaisha hadi leo, na nitaurudia mbele.

Kuna jambo moja la zama za Wajerumani ambalo watu wengi hawalijui. Mwaka 1901 waliunda halmashauri za wilaya, na wakaziachia nusu ya kodi ya vibanda iliyokusanywa katika wilaya zao, itumike kwa barabara, shule na mambo ya pale pale. Halmashauri hizo zilikuwa za mabwana, si za wananchi. Wajumbe waliteuliwa, na walowezi walikuwa na sauti kubwa. Lakini kanuni ilikuwa imewekwa kwamba sehemu ya kodi ya paa hubaki mahali paa lilipo. Haikudumu. Mwaka 1909 halmashauri hizo zilifutwa, zikabakizwa za Dar es Salaam na Tanga tu, na fedha ikarudi kwa gavana. Mkumbuke mwaka huo wa 1909, maana tutaliona jambo la namna hiyo likijirudia.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hawakuifuta kodi ya vibanda. Mwaka 1922 waliitungia sheria yao ya kodi ya kibanda na kichwa. Mwenye wake wengi, kila mke na kibanda chake, alilipa kwa kila kibanda. Ndipo mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alipoleta sheria ya mamlaka za wenyeji, yaani utawala wa kupitia kwa machifu. Pamoja na sheria hiyo zikaja hazina za wenyeji. Chifu hakuruhusiwa tena kujichukulia ushuru wake wa kimila. Sehemu ya kodi iliyokusanywa ilirudishwa katika hazina ya eneo lake, na kutokana nayo vililipwa mishahara ya machifu, makarani, matarishi, walimu, na matengenezo ya njia.

Kwa hiyo ukiniuliza Mbulu ilianza lini kuwa na bajeti yake, nitakuambia ni katika zama hizo za hazina za wenyeji. Makadirio yaliandikwa, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili. Lakini yaliidhinishwa na nani? Yaliidhinishwa na mkuu wa wilaya, Mwingereza. Mlipaji wa kodi hakuwa na kiti katika chumba hicho.

Matokeo ya kumkosesha mlipaji kiti yalionekana wazi kwa jirani zetu Wapare. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia wakuu wa Upare walileta kodi ya nyongeza iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa kadiri ya mali yake. Kwa karatasi ilikuwa kodi ya haki, mwenye nacho alipe zaidi. Lakini nani aliyekadiria? Jirani alimkadiria jirani, na mkubwa akamkadiria asiyempenda. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya, kupinga. Baadaye wanawake nao waliingia katika mapambano hayo. Mbiru ikaachwa. Profesa Isaria Kimambo aliyeandika kisa hicho ametufundisha jambo kubwa. Wapare hawakukataa kulipa kodi, kwani ile ya kawaida waliendelea kuwa tayari kuilipa. Walichokataa ni kukadiriwa kwa siri na watu wasiowajibika kwao.

Kwa Mbulu, chungu iliyochemka ilikuwa ya ng'ombe. Baada ya vita serikali ilisema ardhi imechoka na mifugo ni mingi mno, ikaanzisha mpango wa maendeleo wa Mbulu: kufyeka vichaka vya mbung'o, kuhamishia watu maeneo mapya, na kupunguza mifugo. Charles Meek, aliyekuwa mkuu wa wilaya hiyo, mwaka 1953 alichapisha makala juu ya upunguzaji huo wa mifugo. Mfugaji aliambiwa auze. Kwa Mwiraqw na kwa Mbarabaig, ng'ombe ni benki, ni mahari, ni bima ya ukame. Huenda mpango ulikuwa na faida kwa udongo, sibishi. Lakini aliyeamuriwa auze hakuwa ameketi mezani palipopangwa idadi.

Ukichungulia uchaguzi wa mwaka 1960 utaona tabia ya watu wa wilaya hiyo. Katika viti 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, TANU ilipata 70. Kiti kimoja tu kilikwenda kwa mgombea binafsi, nacho ni cha Mbulu. Herman Elias Sarwatt alimshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo. Sarwatt mwenyewe alikuwa mwana TANU. Wapiga kura hawakukataa Uhuru. Walikataa kuchaguliwa mtu.

Uhuru ulipokuja, mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa na halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zikashika nafasi. Hapo kwa mara ya kwanza mlipaji wa kodi alipata kiti mezani. Diwani aliyepandisha kodi ya mtaa alilazimika kurudi kwa waliompigia kura na kueleza. Lakini halmashauri zilipewa mzigo mkubwa kuliko kikapu. Shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini zilikuwa juu yao, na mapato hayakutosha. Mwaka 1969 Serikali Kuu iliifuta kodi ya kichwa iliyotozwa na halmashauri, na muda mfupi baadaye ushuru wa mazao nao ukafutwa. Wananchi walishangilia, na nani asingeshangilia? Kodi ile ilikuwa imekusanywa kwa miaka mingi kwa kukimbizana na watu alfajiri.

Lakini tazama kilichofuata. Halmashauri isiyokuwa na kodi haikuwa na bajeti ya kujadili. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa na kuja mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani, na kweli maofisa walikwenda mikoani, lakini walikuwa maofisa wa Serikali Kuu. Halmashauri za miji nazo zikafuata njia hiyo hiyo. Hanang ilikuwa imezaliwa kama wilaya mwaka 1969. Kwa hiyo halmashauri yake ilikufa ingali mtoto wa miaka mitatu. Mtu wa Masakta aliyekuwa ameanza kujifunza kumuuliza diwani wake juu ya fedha ya barabara, ghafla hakuwa na diwani wa kumuuliza.

Kisha zikaja operesheni za vijiji. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishwa, wengi kwa lazima, nyumba za zamani zikaachwa au kubomolewa. Na hapo Hanang, katika zama hizo hizo, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO yalipanuliwa kwa msaada wa Kanada, kwenye malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walifika hadi Mahakama Kuu, wakashinda, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawanyima ushindi huo. Nakitaja kisa hiki kwa sababu ni mpango wa fedha wa taifa uliotekelezwa ndani ya wilaya, wakati wilaya haikuwa na baraza lake la kuhoji.

Mijini hali ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Takataka zilirundikana, mifereji ikaziba, na katika miaka hiyo kipindupindu kikazuka. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarejeshwa. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria mpya za serikali za mitaa, za wilaya, za miji na ya fedha, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya nchi nzima. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, akizungumza na jarida la nje, alitaja kuvunjwa kwa serikali za mitaa na vyama vya ushirika kuwa mambo ambayo asingeyafanya tena kama angeanza upya. Ni kiongozi mkubwa tu awezaye kusema hivyo.

Halmashauri ziliporudi zilihitaji fedha, na fedha ikatafutwa pale pale ilipotafutwa na Wajerumani: kichwani na katika paa. Vijijini ikaja kodi ya maendeleo, iliyotozwa watu wazima. Mijini, sheria ya mwaka 1983 ikaruhusu halmashauri kutoza majengo kwa kadiri ya thamani yake. Nyote mliokuwa vijijini miaka ya themanini na tisini mnakumbuka mgambo wakisimama njiani siku ya mnada wakidai stakabadhi, na wanaume wakilala porini msimu wa ukusanyaji. Kero ilizidi, na Juni 2003, Basil Mramba akiwa Waziri wa Fedha, kodi ya maendeleo ikafutwa. Mwaka uliofuata vikafutwa vyanzo vingine vidogo vidogo. Halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya kufidia.

Ndugu msikilizaji, naomba unielewe. Sililii kodi ya maendeleo. Ilimtoza maskini sawa na tajiri, na ilikusanywa kwa kufedhehesha watu. Ninachosema ni kwamba mara zote mbili, 1969 na 2003, kodi mbaya ilifutwa bila kuwekwa kodi nzuri mahali pake. Kilichowekwa ni ruzuku, na ruzuku huja na masharti ya anayetoa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anayengoja mgeni kila siku ili apike, siku mgeni asipokuja analala njaa.

Kodi ya majengo ya mijini nayo ilikuwa na safari yake. Jiji la Dar es Salaam lilikusanya kidogo mno kulingana na nyumba zake, huduma zikaoza, na mwaka 1996 Serikali ikalivunja baraza la jiji na kuweka Tume chini ya Charles Keenja hadi mwaka 2000. Mwaka 2008 ukusanyaji wa kodi ya majengo jijini ukapewa Mamlaka ya Mapato, TRA, kisha ukarudi manispaa, na Julai 2016 ukachukuliwa tena na TRA, safari hii katika halmashauri nyingi zaidi. Baadaye kukawekwa viwango sawa kwa nyumba zisizofanyiwa uthamini: Sh 10,000 kwa nyumba ya kawaida. Mapato yakaelekezwa kwanza katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Ule mwaka wa 1909 ukawa umerudi na mavazi mapya.

Kisha ikaja Agosti 2021. Kodi ikaunganishwa na umeme wa LUKU. Mita ya nyumba ya kawaida ilikatwa Sh 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka, na ghorofa Sh 5,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi Sh 1,500 na Sh 7,500 kwa mwezi. Kwa upande wa ukusanyaji, ni njia ya ajabu kwa wepesi wake. Hakuna mgambo, hakuna alfajiri, hakuna kujificha. Unanunua umeme, kodi imekwisha.

Lakini wepesi huo una gharama. Mpangaji ndiye anayenunua LUKU, kwa hiyo mpangaji analipa kodi ya nyumba isiyo yake, kisha anaambiwa akadai kwa mwenye nyumba. Wangapi kati yenu wapangaji mmethubutu kudai? Nyumba yenye mita tatu ilijikuta ikikatwa mara tatu hadi mwenyewe aende kurekebisha. Mzee aliyesamehewa na sheria alitakiwa aende kuthibitisha kwamba amesamehewa. Na umeme wa REA ulipofika vijijini, mita zikafika, na swali la zamani la tembe likarudi: je, mita ni nyumba? Wajerumani walihesabu mapaa, sisi tunahesabu mita. Thamani ya jengo, ambayo ndiyo haki yenyewe ya kodi hii, imewekwa kando. Nyumba ya vyumba viwili na jumba la kifahari lisilo na ghorofa hukatwa sawasawa.

Sasa tuangalie bajeti inavyopangwa katika halmashauri kama ya Hanang. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Miezi kadhaa kabla, kijiji hutakiwa kukaa na kutaja vipaumbele vyake: darasa, zahanati, lambo, kivuko. Kamati ya Maendeleo ya Kata huyakusanya. Baraza la madiwani hujadili na kupitisha. Mkoa hushauri, na mwisho Bunge hupitisha. Kwa karatasi ni ngazi safi kutoka chini kwenda juu. Ila kuna jambo moja: Hazina hutoa ukomo wa bajeti, na ukomo huo hushuka kutoka juu kuja chini. Orodha ya kijiji inapanda, ukomo unashuka, vinakutana njiani, na anayekatwa ni yule wa chini.

Chanzo kikubwa cha wilaya ya kilimo na ufugaji ni ushuru wa mazao na minada ya mifugo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Mkulima wa mahindi alipata nafuu, na mimi nilifurahi kwa ajili yake. Ila uamuzi ulifanyika Dodoma, na pengo likatokea Katesh, makao ya wilaya. Diwani hakupandisha wala hakushusha chochote. Sasa mwananchi akimwuliza diwani kwa nini zahanati haina paa, diwani atamjibu nini? Atamwonyesha Dodoma kwa kidole. Na diwani anayeweza kuonyesha kidole kila siku, hata akiwa mwizi, hutamjua.

Wapo watakaonipinga, nao wana hoja za kweli. Watasema halmashauri zilipokuwa na kodi hiyo hazikuikusanya, na kilichokusanywa kililiwa. Ni kweli, na historia ya Dar es Salaam inawaunga mkono. Watasema wilaya tajiri zitazidi kutajirika na Hanang itabaki nyuma, maana Masakta haina majumba. Ni kweli pia, ndiyo maana mgawo wa taifa ni lazima uwepo. Tena wataniambia nikumbuke Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki na nyumba zikazolewa. Ni halmashauri gani peke yake ingeyaweza yale? Jeshi lilihitajika, Serikali Kuu ilihitajika, na Watanzania wa mikoa yote walichangia. Nakubali. Nchi ni moja, na ipo siku kodi ya paa la Ilala inatakiwa kumsitiri aliyekosa paa Katesh.

Lakini hoja hizo zinathibitisha haja ya kugawana. Hazithibitishi haja ya kumnyima mlipaji sauti. Mashine ya kukusanya inaweza kuwa moja, ya TANESCO au ya TRA, sina ugomvi nayo. Ninachotaka ni mambo matatu, na yote hayahitaji fedha mpya.

La kwanza, sheria itaje fungu la kodi ya majengo linalorudi katika halmashauri ya mita ilipo, lirudi kwa wakati, bila kuombwa. Hata Mjerumani wa mwaka 1901 aliweza kutaja nusu.

La pili, kila halmashauri ibandike kwenye ubao wa kijiji na wa mtaa kiasi kilichokatwa kwa LUKU katika eneo lake na kiasi kilichorudi. Mita zina kumbukumbu zote. Hakuna sababu ya hesabu hiyo kuwa siri. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila miezi mitatu. Upewe kitu cha kujadili.

La tatu, tuanze kurudi kwenye thamani ya jengo, hatua kwa hatua, na mkadiriaji awe mtu anayeweza kukatiwa rufaa hadharani. Wapare walitufundisha hilo mwaka 1945, na sijui kwa nini tunataka kulifundishwa tena.

Nawe msomaji wa mjini, usidhani haya ni ya Masakta tu. Ukinunua umeme leo jioni, soma ujumbe wote utakaokuja kwenye simu yako, usiishie kwenye idadi ya uniti. Tazama mstari wa kodi. Halafu mwulize mwenyekiti wako wa mtaa swali moja: mwaka jana mtaa wetu ulikatwa shilingi ngapi, na ni ngapi zilizorudi? Akikujibu, mshukuru, maana una mwenyekiti adimu. Asipojua, mwombe amwulize diwani. Diwani asipojua, basi mtaa wako na Masakta ni ndugu, nanyi nyote mngali mnahesabiwa mapaa kama mwaka 1898, tofauti ni kwamba siku hizi mhesabuji habishi hodi.

Tukutane wiki ijayo, majaliwa.